Milango Saba Upande wa Kibla

Sehemu ya kumi na nne

Tulimwacha Hadeel mbele ya mlango wa kijani, ngumi imeinuliwa, na ndani nyayo zinakuja. Wako walioniandikia kwamba wiki nzima hawakupata usingizi. Nawapa pole, kwa sababu mlango umefunguliwa na aliyefungua si Renate.

Ni mwanamume mnene wa makamo, koti jeupe, miwani imening'inia kifuani. Alimtazama Hadeel usoni mara moja, kisha akamtazama miguu kwa muda mrefu. Nyuma yake palikuwa na viti vitatu vya kungojea, na kwenye kila kiti bibi mmoja aliyevua soksi.

Alikuwa daktari wa miguu.

Hadeel alimuuliza kwa Kiingereza kama nyumba ile anakaa mama aitwaye Renate. Daktari akasema yeye yupo hapo tangu mwaka tisini na mbili, na kabla yake palikuwa ghala la makaa. Renate hamjui. Kisha akauliza, kwa upole, viatu vile amevivaa tangu saa ngapi.

Tangu alfajiri. Vilikuwa viatu vya ofisini, vyeusi, vya kutoka garini mpaka kwenye lifti na kurudi. Kule wizarani Al Khuwair anakofanya kazi, Hadeel hatembei hatua mia mbili kwa siku, na leo alikuwa ametembea kutwa juu ya mawe madogo ya duara ambayo watu wa mji ule wameyapanga barabarani kwa makusudi, na wanajivunia.

Daktari alimkaribisha kiti. Hadeel alitamani kukaa, tena alitamani sana. Lakini mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu ile nyumba yao nzima ya Bawshar, Maskati, ilikuwa inasikiliza.

"Si hapa, Baba," alisema.

Kwa aliyeungana nasi leo, nimweleze haraka tuendelee, maana hata mimi miguu inaniuma kwa kumfuata msichana huyu.

Mzee Marhoon, baba yake Hadeel, ni fundi mitambo mstaafu wa miaka sitini na mbili, na moyo wake umechoka kuliko yeye. Jumamosi asubuhi madaktari watampasua kifua. Leo ni Alkhamisi. Jumapili iliyopita, mbele ya mkewe Bi Mahbuba na mwanawe Humam, alitoa siri aliyokaa nayo karibu miaka arobaini.

Mwaka sitini na nne Unguja ilipeleka vijana Ujerumani Mashariki kujifunza ufundi, na Marhoon alikuwa mmoja wao. Alipelekwa Goerlitz, mji wa kale ulioko mpakani na Poland. Huko alimuoa msichana aitwaye Renate, kwa nikaha iliyofungwa chumbani, mashahidi wawili Waunguja wenzake, wote sasa marehemu. Mwaka sitini na saba akaitwa nyumbani ghafla. Renate alikuwa na mimba ya miezi sita.

Hakurudi. Baadaye alihamia Maskati, akazaa, akazeeka. Sasa anataka jambo moja tu: kumpata mtoto yule amtake radhi kabla ya kisu.

Mungu si Athumani, Hadeel alikuwa Berlin kwa mafunzo ya wizara, na mafunzo yalikwisha jana. Leo amepanda treni ya alfajiri. Treni ya kumrudisha inaondoka saa kumi za kule, na ndege ya kurudi Maskati ni kesho.

Tatizo ni anwani, na hili msomaji wangu atalielewa ingawa Mjerumani hawezi. Unguja ya ujana wa Marhoon hakuna aliyejua namba ya nyumba yake. Maskati ndiyo usiseme: barua zinakwenda kwenye sanduku la posta, na mgeni anaelekezwa kwa raundabauti, msikiti na nyumba yenye tangi la buluu. Basi mzee wetu aliishi miaka mitatu katika nyumba iliyoandikwa namba juu ya mlango, na hata siku moja hakuinua macho kuisoma. Barua alikuwa akimwandikia Renate kiwandani alikofanya kazi, na kiwanda kilishafungwa.

Jina la ukoo la Renate alilikumbuka, lakini lina watu wengi mno. Asubuhi ofisi ya mji ilitafuta ikasema hakuna Renate wa jina hilo mwenye umri huo.

Kwa hiyo limebaki lile alilonalo kichwani. Simama kwenye kiwanja chenye saa. Ipe saa mgongo. Shuka kichochoro chenye harufu ya mkate mpaka kanisa lenye minara miwili. Mlangoni mwa kanisa geuka upande wa kibla. Hesabu milango saba. Mlango wa kijani, una kichwa cha simba cha chuma.

Hadeel alikuwa ameyafuata hayo yote. Ila simba hakuwepo.

Sasa twende Bawshar, saa kumi za Maskati, jua bado kali nje na pazia zimeshushwa.

Simu ya nyumbani ilikuwa juu ya meza ndogo, kitufe cha sauti kimebonyezwa, na wanaume wawili wameiinamia. Mzee Marhoon kwenye kochi, mto mgongoni. Humam amechuchumaa chini na kanzu yake, anaizungusha funguo ya gari kidoleni. Humam ana miaka thelathini, ana duka la vipuri vya magari, na anaamini kwamba kila jambo lingekwisha mapema kama lingeachiwa yeye.

Yeye ndiye aliyempeleka dada yake magharibi. Mzee aliposema upande wa kibla, Humam alipiga kelele kwenye simu kwamba kibla ni kule jua linakozama, aende upesi, treni haimngojei. Hadeel naye, kwa haraka na kwa mazoea, akageukia magharibi. Ndiko alikogeukia tangu alipofundishwa kuswali. Mwili ulikwenda wenyewe.

Bi Mahbuba hakuwa ameinamia simu. Alikuwa anaingia na kutoka na sinia ya kahawa ambayo hakuna aliyeinywa.

Tangu Jumapili hajasema na mumewe. Si kwamba amenuna chumbani, la. Anampikia, anampa dawa zake kwa saa zake, anampimia chumvi. Ila maneno yote yanapita kwa watoto. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie baba yako kidonge cheupe kabla ya chai. Na baba mwenyewe amekaa hapo hapo, mkono ukinyooshwa unamfikia.

Huyu ndiye Bi Mahbuba ambaye kwenye kila harusi, kila hitima, kila kikao cha wanawake wa Unguja waliohamia huku, husema kwamba Mungu amempa mambo mawili: magoti mazima na mume asiye na mke mwenza. Magoti yalianza kumuuma miaka miwili iliyopita. Alibaki na la pili.

Na la pili bado analishikilia, kwa sababu Jumapili ile Mzee Marhoon aliapa kwamba mwaka sabini na moja, kabla ya kumposa yeye, alimwandikia Renate talaka akaitia posta. Hilo ndilo lililomfanya Bi Mahbuba aendelee kumpimia chumvi.

Turudi kwa mwenye simu.

Hadeel alimshukuru daktari, akatoka, akasimama chini ya mnara wa zamani wa ukuta wa mji. Baridi ya mwezi wa Machi ilikuwa inampenya koti. Mbingu ilikuwa kijivu, jua halionekani, na pale ndipo akili ilipomrudia.

Akawaambia kina Humam kwamba wamekosea. Kibla hapa si magharibi. Wiki mbili nzima hotelini Berlin ameswali kwa kufuata mshale wa mswala wake mdogo wenye dira, na mshale ulikuwa ukielekea upande mwengine kabisa, kusini na mashariki katikati. Alikuwa na dira ile mkobani. Aliitoa, akaiweka juu ya kiganja, akasubiri sindano itulie.

Humam akasema Makka ni Makka, haihami. Hadeel akamjibu kwamba Makka haijahama, aliyehama ni yeye.

Mzee akasema waache kugombana, arudi mpaka kiwanja chenye saa aanze upya. Na kwa kuwa kurudi ni kupanda mlima, alimuomba amweleze anachokiona njiani.

Hadeel alimweleza. Alisema nyumba zimepakwa rangi, manjano, waridi, kijani kibichi, mawe juu ya milango yamechongwa maua na nyuso za watu. Mzee akauliza rangi gani tena. Wakati wake mji wote ulikuwa mweusi kwa moshi wa makaa, plasta inadondoka, na kola ya shati ukiifua asubuhi, jioni nyeusi. Hadeel akasema hakuna cheusi hata kimoja. Alipita kiwanja chenye saa, akasema chini ya nyumba kuna mabaraza marefu yenye matao, watu wamekaa humo wanakunywa kahawa na mablanketi mapajani.

"Nguzo ya nne kutoka pembeni," alisema Mzee Marhoon. "Mvua ikinyesha alikuwa akiningoja hapo."

Sinia ya kahawa ikagonga mlango wa jikoni. Kikombe kimoja kilianguka, hakikuvunjika.

Humam akaizungusha funguo. Hadeel, asiyejua nini kimeanguka Bawshar, akasema kile kichochoro chenye harufu ya mkate sasa kuna duka la miwani, na akaendelea kushuka mpaka kwenye kanisa.

Minara miwili, mirefu, myeupe. Alisimama mlangoni. Dira mkononi, akageukia kusini na mashariki, akaanza kuhesabu milango kwa sauti ili baba asikie.

Moja. Mbili. Njia ikaanza kuteremka. Tatu, mlango wa kahawia. Nne, dirisha lililozibwa kwa matofali. Kisha Hadeel akaacha kuhesabu.

Mzee aliuliza tano iko wapi.

Hakukuwa na tano. Kulikuwa na mto. Njia ilikwisha kwenye ukingo wa mawe, maji mapana ya kijivu yanapita chini, na katikati ya maji visiki vya daraja lililovunjwa zamani za vita. Ng'ambo ilikuwa Poland, nchi nyengine, na mtu mmoja kule anatembeza mbwa.

Hadeel akakaa kwenye ukingo. Alivua kiatu cha kulia, akakuta soksi ina damu kisiginoni. Hakumwambia baba yake. Alisema tu kwamba ni mto, hakuna nyumba, na ni saa saba na nusu.

Nikwambieni kweli, hapa wote walikuwa wamechoka. Hadeel alikuwa amechoka kwa miguu. Humam alikuwa amechoka kwa kukosea, jambo asilolizoea. Na Mzee Marhoon alikuwa amechoka kwa namna ya mtu anayeona amefanya jambo kubwa la aibu mbele ya wanawe na halikuzaa kitu. Alijiegemeza kwenye mto, akafumba macho, kifua kinapanda na kushuka kwa shida.

"Rudi, mwanangu," alisema. "Nimekutesa bure. N'takwenda nalo nilivyolichukua."

Humam akanyoosha mkono kukata simu.

"Wacha simu."

Alikuwa Bi Mahbuba, kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Humam, muulize baba yako, huko alikokuwa, akiswali akielekea wapi."

Humam akamtazama mama, akamtazama baba. Akaanza kusema Baba, Mama anauliza, na mzee akamkatiza kwamba masikio anayo. Akajibu kwamba akielekea kibla, kwani mtu huelekea wapi.

"Muulize hicho kibla alikijuaje."

Mzee Marhoon alifumbua macho. Inaelekea swali hili hajaulizwa maisha yake yote. Alijibu pole pole, kama anayatoa maneno chini ya sanduku.

"Tulikuwa vijana watatu. Mji hauna msikiti, hauna shekhe, hatuna wa kumuuliza. Kwetu Unguja ukiswali unaelekea kaskazini. Tukauliza kaskazini wapi, tukaonyeshwa. Tukatandika."

Akaishia hapo. Mkono ukapanda mdomoni.

Humam ndiye aliyechelewa kufahamu, na simlaumu. Yeye amezaliwa Maskati, na kwa aliyezaliwa Maskati kibla ni machweo, basi. Lakini Bi Mahbuba alikuja huku mwaka sabini na mbili akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili. Siku ya kwanza, katika nyumba ya kupanga Mutrah, alitandika mswala akaelekea kaskazini kama alivyofundishwa na mama yake. Jirani mmoja, mwanamke mzima wa Kiomani, alimshika mabega akamgeuza taratibu mpaka akaelekea anakotakiwa, wala hakumcheka. Mikono ile Bi Mahbuba hajaisahau. Marhoon yeye aligeuzwa huku huku Maskati, na huko Ujerumani hakugeuzwa na mtu.

Dira ya Hadeel haikukosea. Ilikuwa inaonyesha Makka. Marhoon wa miaka ishirini na mbili ndiye aliyekuwa akielekea kwengine, swala tano kwa siku, na chumba chake, dirisha lake, kitanda chake na njia yake ya kwenda kwa mkewe vyote alivipima kwa upande ule.

"Miaka mitatu, Mahbuba," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili kumtaja jina. Bi Mahbuba akauacha mlango wa jikoni. Alikuja mpaka kwenye meza, akakaa kwa taabu kwa ajili ya magoti, akaiinamia simu.

"Hadeel, mama, unanisikia? Rudi kanisani. Tafuta kaskazini ya ramani. Baba yako kibla chake kilikuwa cha Unguja."

Msinielewe vibaya. Bi Mahbuba hakuwa amesamehe. Alikuwa amechoka kubeba jambo lisilo na uso. Siku nne ameota mwanamke asiye na sura na mtoto asiye na jina, na alitaka wapatikane au wasipatikane, lakini iwe leo. Hakutaka mumewe aingie kwenye kisu na jambo lile kifuani, na yeye abaki nalo ukumbini, na mume akifa abaki nalo maisha.

Hadeel akavaa kiatu. Aliingiza mguu nusu, akakanyaga nyuma ya kiatu kama ndara, akapanda kurudi kwa kuchechemea.

Wakati anapanda, Bi Mahbuba alifanya jambo jengine. Alimwambia Humam, bila kuinua macho, amuulize tena baba yake kuhusu ile talaka. Aliiandika?

Mzee akasema aliiandika.

Aliitia posta?

"Niliitia, wallahi," alisema Mzee Marhoon, akiitazama saa ya ukutani.

Bi Mahbuba akatikisa kichwa kukubali. Alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakiweka pajani.

Simuni Hadeel akasema amefika. Upande wa kaskazini wa kanisa hakukuwa na barabara, ila ukuta mfupi, na kwenye ukuta mwanya, na kwenye mwanya ngazi za mawe zinateremka. Asubuhi amepita hapo mara mbili akadhani zinakwenda kwenye bustani ya kanisa.

"Ngazi," alinong'ona mzee. "Ngazi nimezisahau. Kuna mahali pameliwa, zamani nilianguka."

Hadeel akasema pameliwa kweli, kwenye ngazi ya tisa, na wameweka chuma cha kushikia. Alishuka. Chini kulikuwa na mtaa mwembamba, kimya, nyumba zake hazijapakwa rangi zote. Baadhi zilikuwa bado nyeusi. Mzee aliposikia nyeusi aliinuka kochini, Humam akamshika mkono.

Moja. Mbili. Tatu, baiskeli imefungwa mlangoni. Nne. Tano. Sita, mlango mpana wa gari.

Saba si wa kijani. Saba ulikuwa umepakwa buluu, na kioo kimewekwa juu. Ila katikati yake, chini ya tabaka kadhaa za rangi, kilikuwepo kichwa cha simba cha chuma, pua imelika kwa kushikwa.

Hadeel alimwambia baba yake.

Pembeni mwa mlango kulikuwa na vitufe vya kengele, kila kimoja na jina la mwenye nyumba. Alivisoma kimoja kimoja kutoka chini. Jina la kwanza la Kijerumani, la pili la Kijerumani. Kwa la tatu alisita, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Baba, limeandikwa jina lako. Marhoon."

Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini ofisi ya mji haikumpata Renate. Walimtafuta kwa jina la ukoo wa baba yake, na yeye alishaliacha zamani.

"Na la nne pia," alisema Hadeel. "Ghorofa ya juu yake. Marhoon, lakini herufi ya jina la kwanza nyengine. Yako mawili, Baba."

Mzee Marhoon akakaa. Miaka thelathini na saba hakujua kama mtoto alizaliwa mzima, wala kama ni mwanamume au mwanamke, na sasa amejua kwamba yupo mtu mzima huko mwenye kengele yake mwenyewe. Machozi yalimtoka bila sauti yakaingia ndevuni. Humam akaiweka chini funguo ya gari. Bi Mahbuba hakulia, ila alichukua kile kitambaa cha vyombo akampa mumewe, mkononi kwake mwenyewe, bila kumpitishia mtoto.

Hadeel alibonyeza kengele ya tatu.

Walisikia mlango ukilia, nyayo za Hadeel ndani, mwangwi wa ngazi za mbao, kiatu kimoja kinaburura. Kisha mlango mwengine. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikiuliza kwa Kijerumani, na Hadeel anajibu kwa Kiingereza, na mwanamke yule hajui Kiingereza. Hadeel akaacha lugha. Akataja majina tu. Renate? Marhoon. Oman. Baba. Simu.

Baadaye Hadeel alisimulia kwamba mwanamke yule mrefu, nywele za kijivu zimekatwa fupi, hakuitazama simu kabisa. Alilitazama paji la uso la Hadeel, pana, la watu wote wa ukoo wao, akainua kidole akaligusa. Kisha akanyoosha kiganja apewe simu.

"Baba, anakuja kwenye simu," Hadeel aliwahi kusema. "Sema nae."

Mzee Marhoon akaushika mkono wa simu. Akaunyanyua. Sauti ya kipaza ikazimika, kwa sababu simu ile ndivyo ilivyo, ukiunyanyua mkono wake anasikia aliyeushika peke yake. Aliuweka sikioni. Midomo ikafunguka. Mtu aliyemwendesha bintiye kutwa juu ya mawe kwa maneno tu, sasa maneno hakuyapata.

Akamnyooshea mkewe.

"Sema nae weye," alisema. "Mie siwezi."

Humam akasema haiwezekani, Baba, si yeye. Bi Mahbuba akamwambia mwanawe anyamaze. Aliuchukua mkono wa simu kwa vidole viwili, akaupangusa kwa ncha ya mtandio, akauweka sikioni.

Alisikia mtu anahema. Alisikia pia, mbali, kengele ya kanisa, na akajua minara ile miwili iko karibu sana na dirisha la mwanamke huyu.

Bi Mahbuba alitoa salamu, kwa kuwa hakujua mtu aanzie wapi. Akategemea Kijerumani, akategemea kilio. Kilichokuja kilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kitabu, kila neno limesimama peke yake, Kiswahili cha mtu aliyejifunza ili aje mahali na hakuja.

"Hujambo," ilisema sauti. "Mimi ni Renate. Mimi ni mke wa Marhoon."

Bi Mahbuba akainua macho amtazame mumewe. Wanawake wa Unguja wanasema mume wa miaka thelathini hasomeki tena, lakini huyu alisomeka. Mzee Marhoon alikuwa amegeuza uso ukutani, na kitambaa cha vyombo amekifinya kifuani kwa mikono miwili.

Hakukuwa na barua. Hakuiandika, hakuitia posta, na wallahi yake ya dakika kumi zilizopita ilikuwa ya uongo. Mwanamke aliyewaambia watu kwenye kila harusi kwamba hana mke mwenza alikuwa naye tangu siku ya harusi yake mwenyewe. Tena bi mkubwa alikuwa yule wa Goerlitz, na yeye, wa Bawshar, na wajukuu wake na magoti yake, ndiye bi mdogo.

Humam alikuwa anauliza nini, Mama, anasema nini. Hakumsikia. Mtu wa ng'ambo alikuwa amengoja kwa adabu, anatafuta maneno yake, na sasa alikuwa ameyapata.

"Na wewe, dada," ilisema sauti, "wewe ni nani wa Marhoon?"